Sanduku la kuzalia sungura, na kwa nini watoto wanatufia



Mnaotufuata mnajua kwamba wamama na vijana wengi wa makanisa yetu, toka Kavimvira mpaka Kalundu, wameanza kufuga sungura. Sababu zake hazihitaji maelezo marefu. Ng'ombe anataka malisho na usalama, na vyote viwili vimekuwa haba. Kuku mmoja akifa kwa kideri, kesho yake wanakufa kumi. Mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka katika njia yake na kubomoa nyumba, yaliacha familia nyingi bila mtaji, kisha ziwa lenyewe likapanda na kuingia katika mitaa ya pembeni. Sungura anakula majani yanayokatwa kando ya njia, anakaa kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na siku watu wanapokimbia anabebwa ndani ya kikapu. Wakiuzwa wawili watatu, madaftari yanapatikana na sehemu ya karo inalipwa.

Lakini kuna neno moja tunalolisikia mlangoni mwa kanisa karibu kila mwezi: «Pasta, alizaa wanane, wamekufa wote.» Siku ya kwanza walikuwa wanacheza-cheza ndani ya manyoya, siku ya pili wawili wamelala nje ya kiota wakiwa baridi, siku ya nne kibanda ni kitupu. Hapo sisi wachungaji tunaitwa kuja kuomba. Tunakwenda na tunaomba, maana mali ya mjane si jambo dogo. Ila mara nyingine pamoja na ombi hilo linatajwa jina: mama fulani alipita hapa jioni, akawasifu, na asubuhi walikuwa wamekufa. Familia mbili zilizokuwa zinachota maji pamoja zinaacha kusalimiana.

Kwa hiyo tumeona tuandike juu ya sanduku la mbao. Kabla ya kutaja jina la jirani, mtu aweke mkono wake ndani ya kiota na kuuliza mambo matatu: kuna joto? pamekauka? mtoto anaweza kutoka akashindwa kurudi? Kati ya vifo vya watoto wa sungura tulivyovifuatilia katika kartye zetu, vingi vilikuwa na jibu lake humo.

Jina moja, wanyama wawili

Shida inaanzia kwenye lugha yetu. Kiswahili kinamwita «sungura» yule wa porini anayekimbia katika uwanda wa Ruzizi, yule mjanja wa hadithi za bibi zetu, na kinamwita «sungura» pia huyu wa kibandani. Kifaransa cha shuleni kinawatenga: wa kwanza ni lièvre, wa pili ni lapin. Si ndugu wa karibu kama majina yanavyodanganya. Yule wa porini anazaa juu ya ardhi, kwenye majani tu, na watoto wake wanazaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Baada ya muda mfupi wanaweza kuruka. Hahitaji nyumba ya kuzalia.

Huyu wa kibandani asili yake ni Hispania na nchi za jirani, ambako ndugu zake wa mwituni wanachimba mashimo mpaka leo. Mama anapokaribia kuzaa anachimba shimo lake peke yake, anatandika majani makavu, anang'oa manyoya ya tumbo lake mwenyewe na kuyaweka juu. Akishazaa, anaziba mlango kwa udongo na kuondoka. Watoto wanabaki gizani, wakiwa uchi, vipofu, viziwi, kila mmoja na uzito wa gramu 40 hadi 60 hivi. Joto lao linatoka kwenye miili ya wenzao na kwenye yale manyoya, si kwa mama.

Kwa hiyo anayesema «sungura ni mnyama wa pori, atajua mwenyewe» anamzungumzia mnyama mwingine.

Tuseme pia, kwa sababu swali hili linaulizwa kila tukifundisha: sungura anayetajwa katika Mambo ya Walawi sura ya 11 ni yule wa porini, maana huyu wa mashimo hakuwa anaishi katika nchi ile. Ndugu ambao dhamiri yao haiwaruhusu kumla tunawaheshimu. Manyoya, samadi na fedha za kumwuza havijawahi kuleta ugomvi.

Mama hakuwatupa

Jambo la pili linalosumbua wafugaji wapya ni kwamba mama sungura anaonekana hajali. Mbuzi analamba mtoto wake, kuku anafunika vifaranga. Sungura anakaa kona nyingine ya kibanda anatafuna majani, kana kwamba hakuzaa. Mwenye nyumba anaanza kumkamata na kumlazimisha aingie kiotani. Aache. Sungura ananyonyesha mara moja kwa siku, mara nyingi usiku au alfajiri, kwa dakika tatu au nne tu. Akimaliza anaruka nje. Ndivyo alivyoumbwa: katika mwitu, kukaa karibu na watoto ni kumwonyesha adui mahali walipo.

Lakini hapo hapo ndipo hatari ilipo. Anaporuka, mtoto mmoja anaweza kuwa bado amening'inia kwenye chuchu, akaburutwa mpaka nje. Paka angemrudisha kwa meno. Sungura hajui kufanya hivyo. Mtoto aliyeanguka kwenye sakafu ya kibanda saa tisa usiku, hewa ya mlimani inaposhuka, anakuwa baridi kabla ya mapambazuko. Kizingiti cha sanduku kipo kwa ajili yake: anayening'inia agongwe na ubao aachie chuchu, arudi ndani, na wale wanaotambaa wasipite.

Vipimo

Kwa jike wa kawaida hapa kwetu, wa kilo 3 mpaka 4, seremala akate sanduku lenye urefu wa sentimita 45, upana 30, na kimo 30. Upande wa mbele ubao ukatwe uwe na kimo cha sentimita 15, ndicho kizingiti. Jike mdogo atoshewe na 40 kwa 28. Kipimo kizuri kuliko rula ni jike mwenyewe: aweze kuingia, kugeuka na kusimama juu ya watoto wake, lakini asipate nafasi ya kujinyoosha na kulala. Sanduku kubwa linaonekana kama ukarimu, na ni hasara. Watoto wanatawanyika kila mmoja pembe yake, wanakosa joto la wenzao, na mama anakaa humo mchana na kuligeuza choo.

Mbao za mikaratusi zinafaa, hata mabaki yanayotupwa na wapasua mbao, zikiwa na unene wa sentimita 2 hivi. Zisiwe zimepakwa rangi wala dawa ya mchwa, kwa sababu sungura atazitafuna. Plaiwudi ina gundi na inavimba ikilowa. Misumari ipigwe kutoka nje, na ncha yoyote iliyochungulia ndani ikunjwe: tumbo la jike anayenyonyesha liko wazi, halina manyoya. Makali ya kizingiti yalainishwe kwa msasa au kwa kisu.

Tumeona pia bidoni ya manjano ya lita 20 iliyokatwa ubavuni. Haigharimu kitu, inaoshwa haraka, na tunamwelewa anayeitumia. Ila plastiki inatoa jasho. Mkojo wa watoto na pumzi zao havina pa kwenda, majani yanalowa kutoka chini, na mtoto mwenye maji usiku ni mtoto aliyekufa hata kama kiota kina manyoya tele. Mwenye bidoni aitoboe chini matundu mengi, aweke majani mazito, na ayabadilishe chini kila siku mbili. Kikapu cha matete ni afadhali. Jike atakitafuna, na baada ya mzao mmoja au wawili kitachomwa moto, basi, matete hayajakwisha ufukweni. Karatoni ni ya dharura tu.

Katika nchi kavu za Afrika ya Kaskazini, kwa mfano Tunisia, wapo wanaowachimbia sungura vyumba chini ya ardhi, ambako mchana hakuna joto kali. Kijana mmoja alitaka kujaribu hivyo karibu na ziwa. Tulimwonyesha jinsi maji yanavyojitokeza ukichimba futi mbili.

Hapa ni Uvira

Michoro ya masanduku inayozunguka kwenye simu imetoka Ulaya na Marekani, ambako wafugaji wanaogopa theluji. Ndiyo maana masanduku yale yamefunikwa pande zote, yana mfuniko mzima na sakafu isiyopitisha kitu. Ukilileta sanduku la namna hiyo Uvira, katika kimo cha mita karibu 770 tu juu ya bahari, chini ya bati, mwezi wa Septemba, umetengeneza tanuru. Sungura mzima anaanza kuteseka joto likipita nyuzi 30. Watoto wanataka nyuzi 30 mpaka 35 katikati ya kiota, lakini hewa inayowazunguka ikifika huko nao wanahema, ngozi inakuwa nyekundu, na wanaanza kutambaa kuitafuta hewa. Wengi wanaokutwa nje ya sanduku mchana walikuwa wanalikimbia.

Kwa ufukwe wetu, basi, tunafanya hivi. Sakafu ya sanduku inatobolewa kwa chuma kilichopashwa moto, matundu ya unene wa kalamu, kila moja likiwa mbali na mwenzake vidole vinne. Chini yake vinapigiliwa vipande viwili vya mbao ili sanduku lisilale moja kwa moja kwenye sakafu ya kibanda, mkojo upite na hewa iingie. Juu hatuweki mfuniko mzima. Kipande cha nyuma tu kinafunikwa, cha sentimita 15 hivi, ili pawe na giza kidogo ambalo jike analipenda. Kwenye mbao za ubavuni, karibu na juu, yanatobolewa matundu mengine machache. Lakini kazi kubwa haiko kwenye sanduku. Iko juu ya kibanda: bati lifunikwe matete au majani ya migomba, na kibanda kiwe chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopigwa na jua la saa nane.

Ndugu zetu wa Haut Plateau wasifuate aya iliyotangulia. Huko juu ya mita 2,000, usiku unauma. Kwao sakafu iwe ya ubao mzima ulioinama kidogo kwenda mbele, na matundu machache upande wa chini tu. Mfuniko ufike zaidi ya nusu. Majani yajae mpaka kizingitini. Familia iliyoshuka kutoka milimani kwa ajili ya vita ikiwa na sungura wake ifahamu kwamba sanduku lililookoa watoto kule linaweza kuwaua hapa.

Kwa anayejenga kibanda kipya kabisa, kuna namna moja iliyo bora kuliko kizingiti, na inashangaza kwamba haijaenea. Sakafu ya kibanda inakatwa shimo la pembe nne, na sanduku linaning'inizwa chini yake, ili sehemu ya juu ya sanduku ilingane na sakafu au ishuke zaidi. Mama anashuka kwa watoto kama anavyoshuka shimoni. Na mtoto aliyeburutwa nje, akitambaa huku na huku gizani, ana nafasi nzuri ya kuangukia ndani tena.

Majani, na siku ya kuyaweka

Ndani ya sanduku weka kwanza maranda ya seremala au pumba za mpunga, unene wa vidole viwili. Unga wa msumeno hapana, unaingia puani mwa watoto. Juu ya maranda jaza majani makavu na laini. Majani ya mpunga yanapatikana bila shida upande wa Kiliba, Sange na Luberizi. Yakatwe na kusuguliwa mikononi kwanza, kwa sababu ni makali. Majani ya migomba yaliyokauka na kuchanwa nyuzi nyembamba ni mazuri pia. Matambara na nyuzi za nguo tuziache, zinajifunga miguuni mwa watoto. Bonyeza katikati kwa ngumi ili kubaki na bonde. Manyoya atayaleta mama.

Sanduku likiwekwa mapema mno, jike atalifanya choo kabla ya siku yake. Likichelewa, atazaa juu ya waya. Mimba ya sungura ni siku 31, pengine 30 au 32, na sanduku linatakiwa siku ya 28. Siku 28 ni majuma manne kamili, kwa hiyo hesabu ni nyepesi hata kwa asiyejua kusoma: aliyepandishwa Jumatatu, sanduku lake linaingia Jumatatu ya nne, na Alhamisi ya juma lile tunamtazamia kuzaa. Chora alama nne za mkaa kwenye mlango wa kibanda na ufute moja kila Jumatatu.

Siku hizo, maji. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu Uvira ni mji wa kubeba bidoni, na wakati bomba halitoi, mnyama anakumbukwa mwisho. Jike anayezaa akiwa na kiu anaweza kula watoto wake. Hana mapepo, anatafuta maji. Anayenyonyesha katika joto letu anaweza kunywa lita moja kwa siku, na zaidi. Chombo kisikauke usiku ule.

Mkono ndani ya kiota

Asubuhi baada ya kuzaa, mpe mama majani mazuri upande mwingine, nawa mikono, isugue kwa majani ya kiota chake, kisha ingiza mkono. Wengi wanaogopa kwamba akisikia harufu ya mtu atawakataa. Jike aliyezoea mwenye nyumba hafanyi hivyo. Kutokuangalia kunaua zaidi, kwa kuwa maiti moja ikibaki siku mbili inaoza na kuwaharibu wote.

Watoto wenye afya wamelundikana, wana joto, wametulia, na matumbo yao ni ya mviringo, maziwa yanaonekana meupe chini ya ngozi. Mwenye tumbo lililokunjamana hakunyonya jana. Akikosa siku moja anaweza kuvumilia, akikosa ya pili mara nyingi amekwenda. Wakihama-hama na kulia, kuna joto, unyevu au njaa. Hesabu wangapi. Jike ana chuchu nane kwa kawaida, hivyo akizaa kumi na moja hao watatu wanapigania nafasi. Ndiyo faida ya majirani kupandisha majike wao siku moja: wa huyu wanaozidi wanahamishiwa kwa yule aliyezaa watano, mradi wasipitane umri zaidi ya siku mbili tatu. Mama hatawatambua. Wamama wawili wa kikundi chetu waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya sungura waliokufa sasa wanabadilishana watoto wa sungura namna hii, na alama zao za mkaa zinafutwa siku moja.

Ukikuta mtoto baridi na mgumu, usimtupe bado. Mweke kifuani, ndani ya nguo, kwenye ngozi, au karibu na chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa. Tumeona wengine wakianza kupumua baada ya nusu saa. Akipata joto ndipo arudishwe kwa wenzake.

Usiku kuna siafu. Sanduku zuri halizuii siafu, na wakiingia hawabakizi kitu. Kila mguu wa kibanda usimame ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, na majani yoyote yanayogusa kibanda yakatwe, kwani ndiyo daraja lao. Panya wanazuiwa na wavu wa chuma wenye macho madogo.

Macho ya watoto yanafunguka kuanzia siku ya 10. Yasipofunguka mpaka siku ya 12, osha taratibu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na ubadilishe majani yote, maana kiota kichafu ndicho kinachoyagandisha. Kuanzia siku ya 18 hivi watatoka wenyewe, na siku ya 21 sanduku liondolewe. Majani yachomwe au yaende shambani, mbao zikwanguliwe, zimwagiwe maji yanayochemka, kisha zianikwe juani siku mbili tatu, pande zote. Sanduku moja linaweza kumfikia jike mwingine juma hilo hilo, kama tarehe zimepangwa. Katika kikundi chetu kuna masanduku sita kwa wafugaji kumi na mmoja, na anayelitaka anakuja na kipande cha ubao kilichochorwa zile alama nne.